Uzi Nitaleta, Wewe Nifumie Tu

Kila anayejua kufuma, awe Njombe, Arusha au Mbagala, ameshaisikia kauli hii: "Uzi nitaleta mwenyewe, wewe nifumie tu." Huitoa mtu wa karibu, wifi au jirani au mwenzako wa kwaya, tena kwa upole, na mwenyewe anaamini amekurahisishia. Gharama kaibeba yeye. Kilichobaki ni wewe kuchezesha vidole, jambo ambalo, kwa macho yake, ungelifanya vivyo hivyo ukiwa unaangalia tamthilia usiku.

Nina ugomvi na kauli hiyo. Ugomvi mkubwa zaidi ninao na sisi wafumaji tunaoijibu "sawa, lete," kisha tunafuma huku tumenuna. Zawadi ya mkono imezaa vinyongo vidogovidogo katika koo na mitaa yetu kuliko tunavyokiri, kwa sababu haina bei na haina maneno. Aliyefuma hataji kazi aliyoifanya, maana kuitaja ni kumsimanga mwenzake. Aliyepokea hasemi kwamba limembana kwapani, maana kusema hivyo ni utovu wa adabu. Basi sweta linakaa sandukuni, na wawili wale wakikutana msibani mmoja anatazama mwenzake kavaa nini, na mwingine anajua anatazamwa. Maoni yangu ni kwamba sweta la mkono lisifumwe kabla mvaaji hajaulizwa, na lisiombwe kabla mfumaji hajataja bei, hata kama bei hiyo mwishowe itasamehewa.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi hawaijui. Chukua uzi wa unene wa kadiri, unaofumwa kwa sindano za milimita 4. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 kitakuwa na vitanzi kama 20 kwa upana na mistari kama 28 kwenda juu, yaani vitanzi 560. Sweta la mtu mzima lenye mzunguko wa sentimita 110 na urefu wa sentimita 65 linabeba vipande hivyo zaidi ya 71. Zidisha. Unapata vitanzi 40,000, na bado hujagusa mikono, ukosi, wala kuunganisha pande. Mfumaji mwepesi wa vitanzi 25 kwa dakika, asiyepumzika wala kuitwa jikoni, atakimaliza kiwiliwili hicho kwa karibu saa 27. Mama mwenye watoto na genge la nyanya hana saa 27 zinazofuatana. Ana saa moja baada ya vyombo kuoshwa, na siku umeme ukikatika hana hata hiyo. Uzi wote wa sweta hilo ukiunyoosha unazidi kilomita moja, na kila sentimita yake imepita kati ya kidole gumba na cha shahada.

Hapo tumechukulia kwamba hakuna kilichoharibika. Kitanzi kimoja kikichomoka sindanoni bila kuonekana, kinashuka mstari kwa mstari na kuacha ngazi katikati ya kifua. Ukikiwahi, unakipandisha kwa kroshia, na hakuna atakayejua. Usipokiwahi, unafumua. Halafu kuna janga la rangi. Kiwanda hupaka uzi rangi kwa mikupuo, na kila mkupuo una namba yake kwenye karatasi iliyozungushiwa donge. Anayeleta "uzi mwenyewe" haijui namba hiyo. Ananunua madonge matatu Jumamosi, yakipelea anakwenda kuongeza wiki inayofuata, duka tofauti, na kwake bluu ni bluu. Chini ya taa ya usiku zinafanana kabisa. Asubuhi, mwanga wa dirishani unapopiga, sweta lina mkono mmoja wa bluu ya bahari na mwingine wa bluu ya sare ya shule. Fundi ndiye atakayelaumiwa.

Watu hudhani nguo za mtoto mchanga ni nafuu kwa kuwa ni ndogo. Ni ndogo kweli, na uzi wake ni kidogo, lakini mtoto mchanga ni mteja mgumu. Umbo lake halifanani na letu. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati ana kichwa chenye mzunguko wa sentimita 35 hivi, na kifua chake ni pungufu ya hapo kwa sentimita kama mbili. Kichwa kinazidi kifua! Mfumaji asiyejua hilo hutengeneza sweta dogo zuri la kuvalia kichwani, shingo yake nadhifu, na kulifunga kwenye karatasi ya zawadi.

Mmeshaiona siku ya kumtembelea mzazi. Sebule imejaa, chai ya maziwa inazunguka, shangazi anasema, "Hebu mvalisheni tumwone." Sweta linaingia mpaka paji la uso na kukwama. Mtoto anapiga ukelele, mikono iko juu, sura haionekani. Mama yake anavuta kwa huku, nyanya anavuta kwa kule. Aliyefuma ameshika kikombe, anatazama zulia. Mwishowe sweta linavuliwa, linakunjwa, na mtu mmoja mwenye hekima anasema, "Atalivaa akikua kidogo." Akikua kidogo, kichwa nacho kitakuwa kimekua. Ndiyo maana wafumaji wazoefu hufungua bega na kuweka vifungo viwili vitatu, au hufuma sweta la kufungua mbele moja kwa moja, na hawajali kwamba shingo ya mviringo ingependeza zaidi katika picha.

Yako mengine ambayo mtu hayajui mpaka amelea. Utepe wa shingoni ni hatari, mtoto anaweza kunyongwa nao. Matundu makubwa ya urembo hunasa vidole. Uzi wenye manyoya marefu humwingia mdomoni. Nyuzi zilizoachwa zikining'inia ndani ya soksi huweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kukikaza mpaka damu isipite, na mtoto analia usiku kucha bila mtu kujua kwa nini. Ukipewa soksi za kufumwa, zigeuze nje kwanza, kata kilichozidi. Sioni ubaya wowote wa kufanya hivyo mbele ya aliyekupa, ingawa najua wengi wataona haya.

Kisha kuna joto. Njombe usiku wa Julai si mchezo, na Makete, kule juu Kitulo, nyasi huamka zimefunikwa na barafu nyembamba. Huko sweta la mtoto ni lazima. Lakini sweta hilohilo husafirishwa kwa basi hadi Dar es Salaam, mwezi wa Februari, kwa mjukuu anayelala chini ya feni. Nyanya akitumiwa picha anataka kuona sweta. Mtoto anavalishwa, anapigwa picha akiwa mwekundu na amelowa jasho, anavuliwa. Kila mtu karidhika isipokuwa yeye. Kumfunika mtoto mchanga kupita kiasi katika mji wa joto kunaweza kumdhuru, na wauguzi wa kliniki hawachoki kulisema.

Ukiniuliza ni zawadi gani ya kufumwa isiyokosea, nitakuambia kofia ya mtoto mchanga. Inamalizika jioni moja, donge moja linatoa kadhaa, na ina kazi ya kweli. Mwaka 1978, jijini Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa watoto njiti na vifaa vya joto visivyotosha. Akaanza kuwaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Utaratibu huo leo unaitwa matunzo ya kangaruu na umeenea dunia nzima, wodi zetu zikiwemo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto njiti aanzishiwe mara tu anapozaliwa, bila kusubiri hali yake itulie. Mtoto anayebebwa hivyo kifuani huwa na vitu vichache tu mwilini: nepi, soksi na kofia. Kichwa cha mtoto mchanga ni sehemu kubwa ya mwili wake, na kikiachwa wazi kinapoteza joto haraka. Kofia ya uzi laini, isiyo na ua wala pompomu, inafanya kazi hapo ambayo sweta la maua lisingeifanya.

Lakini hata kwa kofia, uliza kwanza. Muuguzi mkuu wa wodi atakuambia wanahitaji za ukubwa gani na kama tayari wanazo za kutosha. Naisisitiza hiyo kwa sababu mikono ikishapata kazi inayopendeza, haiulizi tena. Kisa maarufu kinatoka Australia, Kisiwa cha Phillip, penye pengwini wadogo ambao hawafiki uzito wa kilo mbili. Mafuta ya meli yakimwagika baharini, ndege hao hujaribu kujisafisha kwa midomo na kumeza sumu, kwa hiyo waokoaji waliwavalisha visweta mpaka waoshwe. Mafuta yalipomwagika mwaka 2001, visweta vilisaidia kweli. Habari ikazagaa, wafumaji wa mabara yote wakaitika, akiwemo mzee wa Kiaustralia, Alfred Date, aliyepata umaarufu kwa kuwafumia akiwa na umri wa miaka 109. Visweta vilimiminika kupita idadi ya ndege wote wanaoweza kuhitaji. Vingi vikaishia kuvalishwa pengwini wa kuchezea na kuuzwa dukani kuchangia hifadhi. Si haba, fedha zilipatikana. Ila tuwe wakweli: visweta vingi mno havikufumwa kwa sababu ya ndege. Vilifumwa kwa sababu kufuma kisweta cha pengwini kunafurahisha.

Wakati wa vita kuu zote mbili, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliliona tatizo hilo mapema ukachapisha maelekezo kwa wafumaji wa kujitolea, vipimo na rangi vikiwa vimepangwa, ili soksi zilizofumwa mji huu na mji ule zimfae askari yeyote. Hakuna aliyeona kwamba kupewa kipimo kunapunguza upendo.

Nije kwenye vitambaa vya makochi, maana hapo ndipo Afrika Mashariki tumefuma zaidi. Asili yake inachekesha. Katika karne ya 19 wanaume wa Uingereza walijipaka nywele mafuta yaliyoitwa Macassar, yaliyouzwa London na kampuni ya Rowland, na viti vya watu vikachafuka. Wake zao wakafuma vitambaa vya kuweka sehemu ya kichwa. Mafuta yakapitwa na wakati, vitambaa vikabaki, na wake wa wamisionari na walimu wa maarifa ya nyumbani wakaja na ufundi huo huku. Nchini Kenya, jumuiya ya Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, kufuma na kushona vilikuwa katika mafunzo ya vikundi vyake vya mwanzo. Tanganyika nayo ilikuwa na vikundi vya wanawake vya namna hiyo hata kabla ya kuundwa kwa umoja wa wanawake, UWT, mwaka 1962.

Sisi tukauchukua ufundi huo na kuupeleka mbali. Kochi likapata kitambaa mgongoni na kwenye mikono yake miwili. Meza ikapata, stuli zikapata, chupa ya chai ikapata. Redio nayo ikapata, na sijawahi kuelewa redio ilikingwa na nini. Vilivyotia fora ni vile vya ukingo wa mawimbi yaliyosimama wima. Kitambaa kilichovywa katika maji mazito ya sukari au uji mwembamba wa muhogo, mawimbi yakavutwa kwa vidole moja moja, yakategeshewa karatasi zilizokunjwa au chupa za soda mpaka yakauke. Ya sukari yalisimama vizuri zaidi na yalivutia sisimizi. Nyumba nyingi zilichagua sisimizi.

Seti moja kamili ilikuwa kazi ya miezi, na binti aliolewa nayo. Leo makochi ni ya velveti au ngozi ya bandia, yamepinda kona, na mgongo wake unateleza. Kitambaa hakikai hata dakika tano bila kuanguka nyuma ya mgeni. Mama mkwe bado anafuma. Mkwe anapokea kwa magoti mawili, anashukuru, anavifungia kabatini, na kuvitandika haraka simu ikipigwa kwamba mama yuko njiani kutoka stendi. Naona watu wakimcheka mkwe wa hivyo. Mimi namwelewa, ila namshauri tofauti. Mwambie mama: "Mama, makochi yetu yanateleza, ila kitanda cha wageni hakina shuka la juu, na mtoto hana blanketi." Mfumaji aliyeambiwa kinachohitajika hachukii. Anachukia kuvikuta vimefungwa kwenye mfuko wa rambo.

Kwa upande wa bei, mshindani wa mfumaji ni mtumba. Sweta zuri la sufu la mtumba pale soko la Karume au la Gikomba mara nyingi halifikii bei ya uzi mpya peke yake, acha kazi. Asiyelikubali hilo atakufa na njaa. Wapo walioligeuza kuwa mtaji: wananunua sweta kubwa la mtumba, wanalifumua, wanapata uzi ambao dukani wasingeuweza. Wapo wasusi wa vyondo nchini Kenya waliolifanya hilo, wakatumia nyuzi za masweta yaliyochakaa. Siri iko kwenye mshono wa ndani. Geuza sweta, tazama pembeni. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache, maana kila mstari umekatwa na utavuna vipande vya nusu mita. Ukiona vipande vilifumwa vikiwa na umbo lake na kuunganishwa kwa uzi unaochomolewa, lichukue. Uzi ukitoka utakuwa umejikunja wote. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweshe, uuanike ukiwa na kitu kizito chini. Ukikauka umenyooka.

Shuleni tulikuwa na njia zetu pia. Watoto wa Kenya waliopitia mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, wanakumbuka kufuma kwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye saruji, wavulana kwa wasichana. Wale wavulana leo ni wanaume wa makamo, na ukiwaambia wafume wanacheka, kama kwamba mikono waliyoitumia haikuwa yao. Huko Peru, katika kisiwa cha Taquile ndani ya Ziwa Titicaca, wafumaji ni wanaume. Sanaa ya nguo ya kisiwa hicho ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Kijana hujifunza kufuma tangu utotoni, na inasimuliwa kwamba baba mkwe huipima kofia aliyoifuma mchumba kwa kuitia maji: ikivuja haraka, kijana hajawa tayari kuoa.

Wafumaji wa Ulaya na Marekani wao wana imani ya kinyume, wanayoiita laana ya sweta: ukimfumia mpenzi wako kabla ya ndoa, uhusiano utavunjika. Mimi si mtu wa laana, ila nimeona jinsi inavyotokea. Sweta huchukua miezi, na katika miezi hiyo mapenzi mengi huwa yanakufa kwa sababu zake yenyewe. Pia mtu anayepokea saa 40 za maisha ya mwenzake, wakati yeye alikuwa akiwaza chakula cha mchana tu, hushtuka. Zawadi imetamka neno ambalo yeye hajawa tayari kulijibu.

Pwani wameliweka jambo hili sawa kuliko sisi wa bara. Angalia kofia ya viua ya Unguja au Lamu. Inashonwa kwa mkono, tundu moja moja linatobolewa na kuzungushiwa uzi, na moja inaweza kuchukua miezi. Mke alimshonea mumewe, na bado wapo wanaofanya hivyo. Kofia ya mashine ipo dukani kwa bei ndogo, na hakuna anayezichanganya. Mzee akikaa barazani anaitazama kofia ya mwenzake, anajua papo hapo ni ya mkono au ya mashine, na akiwa mjuzi hasa anajua viua vimekaa sawa au vimepinda. Ya mkono ina bei yake, wateja wanaijua bei, hakuna anayekuja na kitambaa mkononi akitaka kushonewa bure. Na ikishapatikana inavaliwa Ijumaa, Idi na harusini, mbele ya macho ya watu.

Sweta letu halina wasomaji hao. Ukilivaa mjini, watu hawatofautishi la mkono na la mashine ya kiwandani, na wakitofautisha hudhani la mkono ndilo la mtu asiye na pesa. Hata mashine ndogo za kufumia masweta ya shule, zile za kusukuma kulia na kushoto, zimeheshimika kuliko sindano mbili, kwa sababu mashine ina risiti. Vikundi vya akina mama vinavyoomba mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, hupata mashine. Sijasikia aliyekopeshwa sindano.

Kwa hiyo bei lazima isemwe. Dada akikujia na uzi, mwambie kwa heshima: "Kazi yake ni ya mwezi mzima, na kwa wengine nafanya kwa kiasi hiki. Wewe ni ndugu, nitakupunguzia." Au umwambie: "Wewe nitakufanyia bure, ni zawadi ya harusi yako, sitaleta nyingine." Amejua. Akitaka kuondoka, na aondoke. Duka la masweta liko wazi. Kilichokuwa kinaumiza si kufanya bure, ni kufanya bure mbele ya mtu asiyejua kwamba umefanya.

Mpokeaji naye ana kazi yake, na inaanza na kufua. Sweta la sufu halisi halipendi maji ya moto wala kusuguliwa, nyuzi zake zina magamba madogo yanayoshikana, na likitoka kwenye beseni litamtosha mdoli. Uzi mwingi wa madukani kwetu ni wa akriliki, ambao haurudi, ila pasi ya moto huulegeza na kuung'arisha ukafa kabisa, na pasi ya mkaa huutoboa. Baada ya muda huota vipele kwapani. Lolote kati ya hayo mawili ukilitundika kwenye kamba likiwa limelowa, litashuka mpaka magotini kwa uzito wa maji. Likamue kwa kulifunga ndani ya taulo, ulilaze juu ya mkeka kivulini. Msaidizi wa nyumbani asiyeambiwa haya hana kosa, na ni aibu kumgombeza. Mfumaji aandike mistari mitatu kwenye karatasi na kuibana kwa pini shingoni: uzi ni wa nini, ufuliwe vipi, uanikwe vipi. Aongeze na kipande cha uzi wa akiba kwa ajili ya kuziba kiwiko.

Na sweta likivaliwa mpaka likachakaa, kiwiko kikatoboka na rangi ikafifia, hapo ndipo mfumaji amelipwa. Sandukuni likiwa jipya, nondo wanalila. Ukiona halikufai kabisa, lirudishe lifumuliwe au mpe mwenye kulihitaji, na umwambie aliyekupa umempa nani. Atauma meno siku moja, kisha atauliza kama limemtosha.

Baridi ya nyanda za juu huanza Mei na kukolea Juni na Julai. Anayetaka sweta la mkono msimu huu aje na kipimo cha kifua, urefu wa mkono na mzunguko wa kichwa kama ni la mtoto, aagize kuanzia Machi, na alipe nusu mbele.